Ukungu wa Bi Hewa

Marubani ni watu wa majivuno, lakini wote waliotua katika kiwanja kile kidogo cha kando ya bahari walikuwa na mtu mmoja waliyemsikiliza bila ubishi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye viatu vya mpira vya kukanyagia madimbwi na miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani. Walimwita Bi Hewa. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki nyumbani kwa mama yake, na huko nako lilitoka siku za kugombezwa tu.

Kazi yake ilikuwa kusema ukweli kuhusu anga na ardhi: upepo unatoka wapi, mawingu yako juu kiasi gani, njia ya kurukia ni kavu au imelowa, na mtu akisimama pale kiwanjani anaweza kuona mpaka wapi. Upepo ulikuwa na kifaa chake na joto lilikuwa na chake. Umbali wa kuona haukuwa na kifaa. Kifaa chake kilikuwa macho ya Bi Hewa.

Alipanda ngazi za chuma mpaka kibaraza cha juu ya paa, akashika reli, akatafuta alama zake. Ya karibu ilikuwa tangi la maji nyuma ya uzio. Ya kati, rundo jeupe la chumvi kule kwenye mabwawa ya kukaushia. Ya mbali kabisa, nchani mwa rasi, mnara wa taa. Mnara ukionekana, ndege zije zikicheka. Ukipotea mnara ikabaki chumvi, rubani aje kwa tahadhari. Chumvi nayo ikipotea, asitue. Azunguke mpaka aitwe au arudi alikotoka.

Akishajua hayo hushuka chini kumwambia mwongoza ndege, bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Kipaza kwa sababu sauti yake haikuhitaji redio. Dirisha la Kipaza lilitazama njia ya kurukia. Upande wa rasi kulikuwa na ukuta, na ukutani kalenda ya duka la matairi. Kwa hiyo Bi Hewa akisema mnara hakuna, Kipaza alisema mnara hakuna. Hakuwa mtu wa kuchungulia kazi ya mwenzake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, ndivyo alivyopenda kusema, na kwa mtu wa kiwanja cha ndege ule haukuwa utani mbaya.

Mwaka ule ukungu ulizidi. Ulianza kama moshi mwembamba, mnara ukawa unaonekana kama mtu aliyelala ndani ya chandarua. Baadaye mnara ukawa haupo kabisa asubuhi nyingi, na rundo la chumvi likaanza kuyeyuka pembeni. Bi Hewa aliutafutia ukungu ule sababu. Labda bahari imepoa, labda mabwawa yameongezwa maji. Mtu aliyekaa kazini miaka mingi hakosi maelezo, na hapo ndipo penye hatari yake.

Marubani walinong'ona. Aliyesema kwa sauti ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyeleta ndege ndogo ya abiria kutoka mjini kila asubuhi. Alikuwa na haki ya kusema. Ushemeji hauombi ruhusa. Siku moja alipanda kibarazani na kikombe cha chai mkononi.

"Shemeji, huu ukungu wako unaununua duka gani? Mimi nikiwa bado mbali nauona mnara mpaka na rangi yake inavyobambuka."

"Wewe uko juu, mimi niko chini," Bi Hewa alimjibu. "Ukungu hulala chini kama mgonjwa. Ukitaka kuuona, teremka utembee kwa miguu kama binadamu wenzako."

"Na abiria wangu?"

"Wabebe mgongoni. Mwili si unao?"

Shemeji alicheka mpaka chai ikamwagikia kwenye shati jeupe. Na jibu lile lilikuwa la kweli. Rubani akitazama chini huona vizuri kupitia ukungu mwembamba, halafu akishuka karibu na lami ukungu ule ule unamziba uso. Kila mwanafunzi wa hali ya hewa anafundishwa hivyo. Bi Hewa alijifunika kwa ukweli huo kama mtu anayejifunika shuka gubigubi, asijue kumeshapambazuka.

Kila mwaka watu wa afya walikuja na ubao wa herufi kupima macho ya wafanyakazi. Ubao ulikuwa ule ule, umekunjika pembe, na Bi Hewa alikuwa ameusoma mara nyingi mpaka ameuweka moyoni. Mwaka huo alisoma mpaka mstari wa mwisho bila kusita, akaandikiwa kuwa macho ni mazuri. Kama aliusoma au aliukumbuka, hata yeye hakujiuliza. Ila jambo moja alilijua vizuri: mpimaji wa hewa ambaye macho yamemshinda huondolewa kibarazani. Aliyemtangulia aliondolewa, akapelekwa stoo kuhesabu mapipa, na tangu siku hiyo hakuna rubani aliyepanda ngazi na chai kwenda kumwona. Bi Hewa alikipenda kibaraza kile. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wameshika njia zao, na pale juu ndipo alipojisikia mtu kamili.

Mambo yalikuja kufichuka kwa sababu ya mama yake.

Bibi huyo alikuwa amekwenda mjini kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na mkwewe rubani ndiye aliyetakiwa kumrudisha nyumbani. Asubuhi ya kurudi kwake Bi Hewa aliamka mapema, akafua mashuka ya bluu ya kitanda cha mama, akayaanika kwenye kamba nyuma ya nyumba, mtaa wa pili kutoka uzio wa kiwanja. Kisha akaenda kazini, akapanda kibarazani, akatazama. Tangi lilikuwepo kwa shida. Chumvi haikuwepo. Alitamani sana ndege ile itue, lakini kazi ni kazi. Alishuka akasema chumvi haionekani, Kipaza akamrushia shemeji maneno hayo hewani. Ndege ilisikika ikizunguka juu, ikazunguka tena, halafu mlio wake ukafifia kuelekea mjini.

Mama alifika siku iliyofuata, kwa ndege ya mchana. Shemeji alimshika mkono kwenye ngazi kwa adabu zote, kama amebeba trei ya mayai.

"Siku nyingine nipe ukungu nikiwa na mizigo, shemeji," alimnong'oneza Bi Hewa. "Jana ningekuwa na abiria wa kawaida ningeshuka kidogo nikachungulie. Lakini na mama mkwe nyuma yangu anahesabu pumzi zangu? Niligeuza kama mtoto mwenye adabu."

Jioni mama na binti walikaa jikoni, sinia la maharage katikati yao. Mama alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa mali yake. Alisoma maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Alisoma ya kwenye kiberiti. Akagundua buibui darini na kuuliza kama analipa kodi. Kisha akaingiza vidole kwenye maharage yaliyokuwa upande wa Bi Hewa.

"Haya bado hujachambua?"

"Hayo tayari, mama."

Mama alitoa jiwe, akaliweka pembeni. Akatoa la pili. Akatoa ganda la konokono. 

"Jana nilikaa dirishani," alisema hatimaye. "Mkwe wangu alipozunguka, nikaiona nyumba. Nikaona mashuka yangu ya bluu kwenye kamba. Moja limeanguka, na mbuzi wa jirani amelikalia kama mwenye nyumba."

Bi Hewa alitabasamu bila kufikiri. "Chini kulikuwa na ukungu, mama."

"Ukungu gani huo, unaoficha mnara mzima na kumwonyesha mbuzi?"

Mkono wa Bi Hewa ulisimama juu ya sinia. Jana aliporudi kutoka kazini alilikuta shuka moja chini, limejaa manyoya na kinyesi cha mbuzi, akalifua upya huku akimtukana mbuzi na mwenye mbuzi. Hakuwa amemsimulia mtu. Mama aliyaona hayo kutoka hewani, asubuhi ambayo yeye Bi Hewa alisema chumvi haionekani, na ukungu mzito wa kuficha chumvi usingemwacha mbuzi aonekane hata kutoka juu.

Mama alifuta mikono, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha. "Nitazame. Taa ya barabarani unaionaje?"

"Ina duara kama pete. Taa za siku hizi ni mbovu."

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Nikamgombeza fundi wa umeme wa watu, maskini, akabadilisha taa ambayo haikuwa na kosa." Aliendelea kumtazama, jicho hili kisha lile. "Mimi huko mjini wamenitoa mtoto wa jicho. Sasa wewe si mwanangu? Basi huyo wako ni mjukuu."

Bi Hewa aliangua kicheko, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Mama naye alicheka na kumpangusa kwa ncha ya aproni iliyonuka kitunguu.

"Nikisema, wataniondoa kibarazani," Bi Hewa alisema. "Nitakwenda kuhesabu mapipa."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Huyo mjukuu utamzaa vipi kama humtaji?"

"Mama, naogopa."

"Ogopa. Ukimaliza kuogopa utakwenda kusema. Na usiposema?"

Bi Hewa alichukua sinia akayachambua maharage upya, kwa kuyapapasa.

Usiku mvua ilinyesha. Alfajiri alivaa viatu vyake vya mpira akaikagua njia ya kurukia kwa miguu kama alivyofanya kila baada ya mvua. Hapo hakuhitaji macho sana. Lami iliyolowa ina sauti yake chini ya kiatu, na lami yenye maji yaliyotuama ina sauti nyingine. Karibu na ncha ya upande wa bahari lami ilikuwa imebonyea, na wafanyakazi walipaita Beseni. Aliingia Beseni, maji yakampanda hadi juu ya vidole, akainama akapima kwa rula. Alijisikia vizuri. Kwa muda wa kutembea kutoka pale hadi kwenye ngazi alikuwa amekwisha kuamua: ukungu wa msimu mzima ulikuwa wa macho yake, basi leo atasema mnara unaonekana, ndege itue salama, na ya kesho yatajulikana kesho.

Alipanda kibarazani na neno hilo likiwa tayari mdomoni.

Weupe. Tangi lilikuwa kivuli tu. Nyuma yake hakukuwa na chumvi wala rasi, bahari na mbingu zilikuwa kitu kimoja. Alifunga jicho moja, akalifungua, akafunga la pili. Alipangusa uso kwa kiganja. Weupe haukusogea. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amelifikiria. Mvua imenyesha, upepo umelala, asubuhi imepoa. Ilikuwa asubuhi ya ukungu hasa. Weupe ule ungeweza kuwa wa mbinguni na ungeweza kuwa wake mwenyewe, na hakuwa na njia ya kujua ni upi. Akisema kuna ukungu na haupo, ndege itageuka bure tena. Akisema haupo na upo, shemeji atashuka na watu wake mpaka karibu na ardhi asiyoiona.

Alishuka ngazi polepole. Kipaza alikuwa ameshaliweka faili lake pembeni na kushika maikrofoni. Ndege ilikuwa inakuja, sauti ya shemeji ilikuwa imeshaingia chumbani ikiomba hali ya kiwanja.

"Njia imelowa," Bi Hewa alisema. "Beseni lina maji yaliyotuama, magurudumu yaguse mbele yake. Upepo hakuna wa kutaja."

"Umbali wa kuona?" Kipaza aliuliza, kidole tayari kimebonyeza kitufe.

"Chumvi siioni. Mnara siuoni."

Katika kazi yao mtu hasemi hivyo. Husema hauonekani, haionekani, kana kwamba dunia yenyewe ndiyo inayotoa habari na mpimaji hayupo. Kipaza, aliyesikia hauonekani maisha yake yote, alisikia hauonekani.

"Kwa hiyo chumvi haionekani, mnara hauo..."

"Sikusema hauonekani. Nimesema mimi siuoni." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nina mtoto wa jicho. Sijui nje kuna ukungu au hakuna. Panda wewe ukaangalie."

Kipaza alimtazama, kisha akakitazama kidole chake mwenyewe. Kitufe kilikuwa bado kimebonyezwa. Maneno yale yalikuwa yamekwenda hewani, kwa shemeji na kwa rubani wa mizigo aliyekuwa njiani na kwa yeyote aliyekuwa na redio kutoka pale mpaka mjini. Aliachia kitufe kama amegusa jiko la moto.

Bi Hewa alisimama katikati ya chumba, viatu vyake vikichuruzika maji sakafuni, akisubiri utani wa shemeji. Ungekuwa utani mzuri, alikuwa nao mwingi.

"Nimesikia," sauti ya shemeji ilisema. Haikuwa na mzaha hata chembe. "Nimesimamisha kushuka. Nazunguka juu, mafuta ninayo ya kutosha. Kipaza, panda ngazi."

Kipaza alitoka mbio. Vishindo vyake vilisikika kwenye chuma, vikanyamaza juu ya paa, vikarudi. Alisimama mlangoni akihema.

"Tangi naliona kwa shida. Chumvi hakuna. Mnara hakuna. Bi Hewa, ni weupe mtupu kule. Ukungu ni wa kweli."

Bi Hewa aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Ile "unaonekana" aliyopanda nayo asubuhi ilikuwa bado mdomoni, akaimeza na mate. Hakusikia aibu wakati ule. Alisikia shukrani, na woga uliochelewa, vyote kwa pamoja, akashika rula yake kwa mikono miwili mpaka vidole vikauma.

Jua lilipopanda ukungu ulianza kupasuka. Kipaza alipanda na kushuka, akapanda na kushuka, jasho likimlowesha kola, na kila aliposhuka aliheshimu zaidi mapaja ya mwenzake. Hatimaye alipaza sauti kutoka juu ya paa bila redio, kiwanja kizima kikasikia, kwamba anauona mnara. Ndege ilishuka ikagusa lami mbele ya Beseni, mahali hasa alipopataja Bi Hewa, ikanyunyiza maji kidogo na kusimama.

Mkuu wa kiwanja, mwanamume mwenye haraka ambaye alikuwa na redio ofisini kwake kama wengine, alifika kabla ya abiria kumaliza kushuka. Hakugomba. Aliomba ufunguo wa kibaraza.

"Nitaushika mimi mpaka daktari aseme," alisema.

Bi Hewa aliutoa kwenye kamba ya shingoni, ukakwama kwenye miwani, wakasaidiana kuuchomoa. Mkuu hakuahidi kitu, naye hakuomba ahadi. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa siku zote, na lilipofika lilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

Shemeji aliingia na kofia mkononi. Bi Hewa alijiweka tayari.

"Dada," alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo tangu amwoe mdogo wake. "Narudi mjini ndege ikishajazwa mafuta. Utakaa kiti cha mbele, na kesho nitakupeleka kwa daktari wa mama. Nimeshampigia mama simu. Amesema uchukue sweta."

Kwa hiyo asubuhi ile ile mwanamke aliyekuwa akiwaambia wengine waruke au wasiruke alifungwa mkanda na shemeji yake kama mtoto, sweta la kuazima magotini. Propela zilizunguka. Ndani ya vifaa vya masikioni alimsikia Kipaza akisoma hali ya hewa kwa sauti ya kutetemeka, akiitaja alama moja moja, na zote zilikuwa zinaonekana. Bi Hewa alitazama upande zilikokuwa na kuona mwanga mweupe.

Ndege iligeuka kwenye ncha ya njia.

"Mama amekuja," shemeji alisema. "Yuko pale uzioni, karibu na tangi."

"Amevaa nini?"

"Gauni la kijani, na aproni hajavua. Anapunga mkono. Sasa amevua kitambaa cha kichwa, anapungia hicho."

Bi Hewa alikitafuta kitambaa, akatafuta gauni la kijani, akatafuta hata uzio. Ndege ilianza kukimbia. Aliinua mkono wake juu kabisa, karibu na kioo ambapo bibi mwenye macho mapya asingeweza kuukosa, akaupunga kwa nguvu kuuelekea ule weupe, na hakuushusha mpaka magurudumu yalipoacha lami.